GARI LISILOVUTA KWA MBELE
Maneno ya mafundi wa karakana mbele ya mkutano wa tawi



Tumeombwa na halmashauri ya tawi tuseme juu ya jambo la ufundi, nalo ni haya magari ya magurudumu manne ambayo yametiwa injini nyingine, kisha yakaondolewa nguvu ya mbele, yakabaki kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Huenda wengine wenu mnauliza, jambo hili lahusu nini chama? Chama ni cha mishahara na nyumba. Subirini kidogo, mtaona ya kuwa mshahara umo ndani yake, na miguu ya watu imo pia.

Mwaka 2024, wakati wa zile mvua kubwa za masika, genge la njia lilikuwa likipelekwa kazini na gari la kontrakta mmoja upande wa Konza, katika ule udongo mweusi mnaoujua. Jina la kontrakta tunaliacha. Gari lenyewe lilikuwa Land Rover refu la zamani, la Series IIA, lililotiwa injini ngeni ya dizeli yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Walipokuwa wakipanda ukingo wa mto mkavu, wamebeba watu na jeki za reli na nyundo, magurudumu yalianza kuteleza. Dereva akafanya kama alivyofundishwa: akasimama, akavuta ule wenzo mwekundu wa gia ya chini, akijua ya kuwa sasa magurudumu yote manne yatavuta. Gari likapanda hatua chache, ukasikika mlio kama wa chuma kikikatika, na gari likaanza kurudi nyuma. Akavuta hendibreki, haikushika. Akakanyaga breki ya mguu, nayo kwa bahati ikashika, na watu wa genge wakaruka chini na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Hakuumia mtu.

Basi mwisho wa mwezi dereva akakuta amekatwa mshahara. Akaambiwa, umevunja hafu-shafti kwa uendeshaji mbaya, utailipa kwa miezi mitatu. Yeye hakuwa amejua, wala hakuna aliyemwambia, ya kuwa propela ya mbele iliondolewa siku ile injini ilipobadilishwa. Wenzo mwekundu ulikuwa pale pale. Kitufe cha manjano kilikuwa pale pale. Lakini huko chini hapakuwa na kitu cha kupeleka nguvu mbele.

Sasa tueleze hafu-shafti ilikatika kwa nini, maana hiyo ndiyo haki ya dereva yule, na ndiyo haki ya kila mmoja wenu atakayepewa gari la namna hiyo.

Land Rover za Series, yaani zile zilizoundwa tangu mwaka 1948 hata mwaka 1985, nyingi ni za namna hii: katika barabara nzuri zavuta kwa nyuma tu, na dereva akitaka mbele pia, asukuma kile kitufe cha manjano. Akivuta wenzo mwekundu kuingia gia ya chini, nguvu ya mbele yaingia yenyewe, apende asipende. Waliolitengeneza hawakuweka hivyo kwa urembo. Gia ya chini huzidisha sana nguvu ya injini. Ukihesabu gia ya kwanza, na transfa, na difu, kwa gari la Series III nguvu ya kuzungusha huzidishwa mara 40 hivi kabla ya kufika kwenye magurudumu. Ile injini ya dizeli ya lita 2.25 hutoa paundi-futi 103. Zidisha kwa 40, wapata zaidi ya 4,000. Mzigo huo hauwezi kuachiwa ekseli moja, kwa hiyo wakaugawa, nusu mbele na nusu nyuma, kama 2,000 kila upande.

Ondoa propela ya mbele. Zile 4,000 zote zaenda nyuma. Kisha tia injini yenye nguvu zaidi. Wengi huingiza injini ya Land Rover yenyewe iitwayo 200Tdi, iliyokuja na Discovery mwaka 1989, nayo hutoa paundi-futi 195 hivi. Zidisha tena kwa 40, wapata 7,800. Kwa hiyo ile ekseli ya nyuma iliyozoea 2,000 sasa yaweza kuletewa karibu mara nne ya mzigo wake, na chuma ni kile kile cha zamani. Ni kweli matairi yakiwa katika matope huteleza kabla nguvu yote haijafika, na kuteleza huko huiokoa shafti. Lakini gari likiwa limepakiwa, na tairi moja likapata jiwe au mzizi likashika ghafula, shafti ndiyo itakayotoa. Hafu-shafti za nyuma za Series za zamani zajulikana kwa udhaifu huo hata zilipokuwa na injini yao wenyewe. Land Rover ndefu za Series III zilipewa nyuma ekseli nene zaidi ya Salisbury, na hizo zastahimili vizuri zaidi, lakini si kila gari lililo barabarani lina ekseli hiyo.

Sisi watu wa reli tungepaswa kuwa wa kwanza kulifahamu jambo hili. Nendeni Makumbusho ya Reli hapo Nairobi mkaitazame Garratt namba 5918, Mount Gelai, ya lile kundi la 59 lililoundwa na Beyer, Peacock huko Manchester miaka ya 1955 na 1956. Hesabuni magurudumu yake: ni 28. Lakini yanayosukumwa na mvuke ni 16 tu. Yale 12 mengine kazi yake ni kubeba na kuongoza. Uzito ulio juu ya yale 16 ndio ushikao reli, na uzito ulio juu ya mengine hausaidii kuvuta hata kidogo. Wazee waliokuwa wakirusha mchanga mbele ya magurudumu penye mwinuko walilijua hili bila kusoma kitabu.

Basi gari la barabara ni vivyo hivyo. Likivuta kwa manne, uzito wote wa gari wafanya kazi. Likivuta kwa nyuma tu, ni uzito wa nyuma peke yake. Na hawa jamaa wameweka mbele injini nzito ya dizeli, na nyuma sanduku tupu. Kwa hiyo gari likiwa tupu litakwama mahali ambapo zamani lilipita, na likiwa limepakiwa ndipo lavunja shafti.

Yako magari ya namna ya pili, nayo yafaa tuyaseme mbali maana yana hila yake. Range Rover tangu mwaka 1970, na ile One Ten tangu mwaka 1983, na Discovery, na zile zilizokuja kuitwa Defender, hizi zavuta kwa manne siku zote. Ndani ya transfa mna difu ya tatu, difu ya kati, igawanyayo nguvu kati ya mbele na nyuma. Fundi asiyeijua akifungua propela ya mbele, akawasha na kuingiza gia, injini itanguruma na gari halitasogea hata hatua moja, kwa sababu difu hupeleka mzunguko mahali pasipo na kizuizi, na hapo mbele sasa hapana kitu. Atafunga difu ya kati kwa wenzo wake, na gari litakwenda. Wengi huishia hapo, wakaona kazi imekwisha.

Haijaisha. Kifungo kile ni cha kutiwa na kutolewa kwa mkono wa dereva. Kikitoka njiani, ama kwa wenzo kuguswa na mguu wa abiria, ama kwa fimbo zake kulegea, wakati huo huo injini hukatana na magurudumu. Katika tambarare utacheka tu. Lakini fikirini mnateremka bondeni mkishikwa na gia, mmebeba vyuma, na ghafula injini haishiki tena. Hapo mmebaki na breki ya mguu peke yake. Kwa hiyo mwenye kutaka kuligeuza gari la namna hii aondoe ile difu ya kati na kuweka kipande cha kuunganisha moja kwa moja, ambacho hakina namna ya kufunguka. Vipande hivyo huuzwa. Ni ghali, twajua. Lakini kufunga wenzo kwa waya, kama tulivyoona mahali fulani, sisi hatukuiti kugeuza gari.

Sasa tuje kwenye hendibreki, ndugu, na hapa twaomba hata wasio madereva wasikilize, maana watu wa genge ndio walalao chini ya gari kubadilisha tairi.

Katika Land Rover hizi, za Series na hizo za baadaye pia, hendibreki haishiki magurudumu. Iko nyuma ya transfa, nayo hushika propela ya nyuma. Hiyo ndiyo sababu dereva wetu alipovuta hakupata kitu: hafu-shafti moja ikikatika, difu ya nyuma huliachia gurudumu la upande wa pili lizunguke litakavyo, hata propela ikiwa imeshikwa. Na jambo hilo hilo hutokea bila kuvunjika kitu chochote. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Lile lililoinuliwa liko huru kuzunguka kinyume, basi lile lililo chini nalo ni huru kuviringika. Hendibreki umeivuta mpaka juu, na gari lashuka katika jeki na kukuangukia.

Zamani dawa ya hilo ilikuwa kuingiza nguvu ya mbele, au kufunga difu ya kati, kabla ya kuinua. Hapo hendibreki hushika hata magurudumu ya mbele kwa njia ya propela ya mbele, na gari hutulia. Madereva wenye miaka mingi wana desturi hiyo mikononi. Lakini propela ya mbele ikiwa imeondolewa, desturi hiyo yawadanganya. Wataingiza kitufe, wataona wamefanya sawa, kisha watalala chini. Kwa hiyo twasema bila kuzunguka: gari lolote lililogeuzwa hivi lisiinuliwe nyuma bila kabari za mti mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Vipande vya taruma la zamani vyatosha, havihitaji kununuliwa.

Na kuna la tatu, ambalo ni baya kuliko yote. Mara nyingine injini mpya huja na gia boksi yake, ya gari la kawaida, isiyo na transfa. Fundi aona kazi imekuwa nyepesi: atupa gia boksi ya zamani na transfa yake, aunganisha propela moja mpaka nyuma, basi. Kumbukeni hendibreki ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye transfa. Sasa gari halina hendibreki kabisa, mpaka mtu atengeneze nyingine. Mita ya mwendo nayo ilikuwa ikiendeshwa kutoka hapo, nayo imekufa. Gia ya chini imekwenda pia: ukiwa na gia ya kwanza ya mara 3.9 hivi, na difu ya mara 4.7, wapata mara 18 tu, si 40, na dereva atakayepanda mlima na mzigo atachoma klachi. Naye ataambiwa ameichoma yeye. Tena difu ya nyuma ya Land Rover haiko katikati, iko upande wa kulia, kwa sababu transfa ilikuwa upande huo. Propela ikitoka kwenye gia boksi ya katikati itakwenda mshazari, na jointi zake zisipokuwa na pembe sawa mbele na nyuma gari latetemeka mpaka jointi zaisha upesi. Mkisikia mtetemo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo, msiseme ni barabara.

Watu watauliza, kwa nini basi waajiri hufanya hivi? Sababu ziko, wala si zote mbaya. Mara nyingi sampu ya injini mpya hugusa difu ya mbele au propela, na kuihamisha injini ni kazi ya siku nyingi. Mara nyingine jointi za mbele zimekwisha na bei yake ni kubwa. Wengine husema wataokoa mafuta. Hilo la mafuta sisi hatulisadiki sana, maana ukiondoa propela tu, magurudumu ya mbele bado yazungusha hafu-shafti zake na difu bure, isipokuwa uzitoe hizo shafti au uweke vile vifungo vya kwenye habu. Na ukizitoa, ziba vizuri, na usikaushe oili katika zile tufe za usukani, kwa kuwa bearingi zake bado zafanya kazi kila ukikata kona.

Wala hatusemi kuvuta kwa nyuma ni kosa. Malori mengi mnayoyaona barabarani yavuta kwa nyuma. Gari litokalo stoo kwenda stesheni kwa lami, na kurudi, halina haja ya magurudumu manne, na likigeuzwa vyema, na ekseli ya nyuma iwezayo mzigo, na hendibreki nzima, sisi tutalitia mkono bila hofu. Ubaya ni kuligeuza kimya kimya kisha kulipeleka Kapiti wakati wa mvua kama kwamba bado ni lile la jana.

Turudi kwa dereva wetu. Mjumbe wa chama alipoiomba karatasi ya kazi ya karakana iliyobadilisha injini, ilikuwa na maneno mawili: injini imebadilishwa. Hakuna neno juu ya propela. Mwenye gari akasema, mbele palikuwa pazima, dereva ameharibu. Basi wenzetu wawili wakaomba kulala chini ya gari mbele ya mashahidi. Pale kwenye transfa propela ya mbele inapofungwa walikuta kutu nene na matope makavu yaliyoganda ndani ya matundu ya bolti. Bolti haikuwa imepita pale kwa miezi mingi. Mwenye gari hakuwa na la kusema tena. Dereva alirudishiwa makato ya miezi miwili yaliyokuwa yamekatwa, na ya tatu hayakukatwa.

Yafaa mjue na sheria, maana si kila mara kutu itakuwa shahidi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika, lakini ni kwa kosa la makusudi la mfanya kazi, na kwa kiasi kinachofaa. Kuvuta wenzo uliowekwa hapo ili uvutwe si makusudi ya kuharibu. Na sheria ya usalama kazini, nayo ya mwaka 2007, yatuagiza tumwarifu msimamizi tukiona hatari kubwa, na mpaka airekebishe hawezi kutulazimisha kurudi katika hatari hiyo. Lakini mwarifuni kwa maandishi, mbaki na nakala. Neno la mdomo hupotea siku ile ile msimamizi anapohamishwa.

Kwa mafundi wenzetu tuna neno gumu kidogo. Karatasi ya kazi ni yenu. Mkiondoa propela, andikeni: propela ya mbele imeondolewa. Mkifunga difu ya kati, andikeni. Bwana mkubwa akisema msiandike, mwambieni aandike yeye na atie sahihi yake. Fundi akitia sahihi ya kuwa gari ni zima, na mbele halivuti, basi amemtia dereva mwenzake mikononi mwa karani wa mishahara. Tena injini iliyobadilishwa yapasa kupelekwa kwa NTSA ili namba yake iandikwe katika kitabu cha gari, maana namba isipolingana na kitabu, askari barabarani atamwuliza dereva, hatamwuliza fundi.

Halmashauri imekubali tuwaombe waajiri mambo haya: kila gari lililogeuzwa liwe na kibati mbele ya dereva chenye maneno HALIVUTI KWA MBELE, wenzo na kitufe visivyofanya kazi tena viondolewe au vifungwe, kabari mbili ziwe ndani ya gari siku zote. Barua imekwisha chapwa. Kinachobakia ni namba za magari. Yeyote anayeendesha au anayebebwa na gari lililobadilishwa injini, na ampe mjumbe wa chama karakanani namba ya gari hilo kabla ya mkutano ujao. Kama hajui kama mbele huvuta, na alete namba hivyo hivyo, tutakwenda kulala chini yake sisi.